Kimya cha Dakika Kumi na Tano

Mimi ni fundi wa nguo, na mteja anayenitoa jasho ni yule anayejua mwenyewe kiuno chake ni inchi ngapi. Huyo hakosi kuwa muongo. Atasimama mbele ya kioo, atavuta tumbo mpaka likaribie mgongo, kisha atasema kwa utulivu kabisa, "Andika thelathini na mbili." Mimi nina tepu mkononi na tepu inasema arobaini. Nifanye nini? Nikimwambia kweli ataondoka na kitambaa chake. Nikimshonea anachokitaka, nguo itapasuka mbele za watu na jina litakalochafuka ni langu. Basi namwitikia "sawa," halafu nashona ilichosema tepu. Nguo inamkaa, anafurahi, anawatangazia wenzake kwamba yeye ni thelathini na mbili. Wanasema mficha uchi hazai, lakini kwangu mficha kiuno hutoka amependeza.

Shida ni kwamba ukweli nao lazima uwekwe mahali. Daftarini siwezi kuuandika, maana wateja hupenda kuchungulia, na tena siku nzima mikono yangu ina chaki na mdomo una pini. Kwa hiyo naurekodi kwenye simu. Mteja akishatoka nabonyeza, nataja vipimo, na nikishataja vipimo ulimi hauishii hapo. Ulimi wangu haujawahi kuishia hapo tangu nizaliwe. Kila rekodi naipa jina la kazi ya mtu au la kituko chake, na nguo ikishatoka mlangoni ndipo naifuta, si kabla. Niliwahi kufuta mapema mara moja, suti ikarudi kurekebishwa, nikashinda siku nzima nikibahatisha urefu wa mikono ya watu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mume wangu alipoweka redio mpya garini.

Mume wangu ni seremala, na seremala haamini kwamba kuna kitu asichoweza kukifunga mwenyewe. Redio aliinunua kwa mtu, akaifunga kwa skrubu za kabati. Kitufe cha sauti kiling'oka siku ya pili. Akachonga kingine cha mti, nacho kikang'oka siku ya tatu, likabaki tundu. Lakini ilikuwa redio ya kisasa, yenye bluetooth, inayojiunganisha na simu ya yeyote aliyekwisha kuungana nayo mara moja bila kumbishia hodi.

Mara ya kwanza ilipojiunga na yangu nilikuwa sokoni, nimejaza mabunda ya kitambaa kiti cha nyuma. Nikawasha gari. Redio ikakwaruza kidogo, kisha mwanamke mmoja akaanza kusema kwa sauti iliyoenea maegesho yote: "Afisa Ardhi. Suruali mbili. Kiuno kasema thelathini na nne. Muongo mkubwa. Arobaini na tatu. Tumbo linatangulia, mwenyewe anafika baadaye." Ilinichukua muda kumtambua mwanamke huyo. Mlinzi wa maegesho, aliyekuwa ameegemea dirisha langu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo kila nikiegesha aliniuliza, "Mama fundi, afisa hajambo? Keshafika, au bado ni tumbo tu?"

Nilizima bluetooth. Lakini nikiwa kwenye cherehani napokea simu kwa kile kidude cha sikioni, ili mikono isiache kitambaa, na kidude hakifanyi kazi bluetooth ikiwa imezimwa. Kwa hiyo nazima, nawasha, nasahau. Kila asubuhi nikizungusha ufunguo, Afisa Ardhi huyo na tumbo lake. Nilipomlalamikia mume wangu, alinitazama kwa huruma ya uongo.

"Nilioa redio moja," akasema. "Sasa ninazo mbili."

Ningeendelea kucheka na wenzangu, kama si wifi yangu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye akikohoa watoto mia sita hunyamaza. Miaka sita iliyopita ukoo mzima tulipanga mistari nje ya nyumba yetu tupigwe picha. Mpiga picha akalalamika kwamba kuna watu nyuma hawaonekani. Mimi nikasema, "Wifi, sogea kidogo, umeziba watu watatu." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisogea, akaendelea kusogea, akafika getini, akafika barabarani, na hakukanyaga tena kwangu kwa miaka sita.

Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepata la kumjibu. Alikuwa akienda kwa dada yake peke yake kila Jumapili, akarudi na kukaa kimya akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini. Mama yao alipofariki, mimi na wifi tulilia katika pembe mbili za chumba kimoja na hatukusogeleana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na sikumwambia mtu.

Halafu, miezi miwili iliyopita, nikasikia hodi. Nikafungua, nikamkuta amesimama na kitambaa kwapani, amekaza shingo.

"Nimesikia unashona," akasema.

Nashona mwaka wa ishirini na mbili sasa. Gauni lake la harusi nililishona mimi. Lakini niliuma ulimi, nikasema, "Nashona, wifi. Karibu." Alikuwa anastaafu, akataka gauni la siku ya kuagwa. Nikampima. Akashika pumzi mpaka macho yakamtoka, akasema, "Kiuno thelathini na nane." Nikasema, "Sawa, wifi." Nililitamka vizuri kweli, kwa upole ambao sikujua ninao. Niliapa moyoni kwamba mdomo huu ndio uliomfukuza, na mdomo huu hautamfukuza tena.

Alipoondoka nikafunga mlango, nikachukua simu, na yote niliyoyameza nikayatapika mle. Rekodi ile niliipa jina Amiri Jeshi.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Alhamisi, Afisa Ardhi alikuja kuchukua suruali zake. Zilimkaa vizuri, akaenda zake, nami kama kawaida yangu nikafuta rekodi yake. Ijumaa asubuhi nikaenda kutafuta zipu. Nikawasha gari sokoni, mlinzi keshajisogeza dirishani kuisubiri burudani yake, na redio ikasema: "Amiri Jeshi. Gauni la kuagwa."

Nilizima injini kwa nguvu hadi ufunguo ukanibana kidole.

"Kumbe mna kipindi kipya," mlinzi akasema.

Kwangu hakikuwa kichekesho tena. Kwa sababu kesho yake, Jumamosi, sherehe ilikuwa shuleni, mume wangu alikuwa aondoke alfajiri na gari la rafiki yake kwenda kupigilia jukwaa, na wifi yangu alikuwa amesema mwenyewe, mbele yangu, "Mimi nitakuja na wifi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo baada ya miaka sita. Angekaa kiti cha mbele, ningezungusha ufunguo, na redio ingempa kiuno chake mbele ya uso wake, kwa sauti yangu, pamoja na maoni.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi redio, mtu mpole mwenye mabega yaliyoshuka, ambaye yeye mwenyewe yumo kwenye simu yangu kwa jina la Chupa. Nikamweleza, bila kumweleza.

"Si simu inayoanza," akasema, akiifuta miwani. "Ni redio. Ikishaungana inatoa amri moja tu: cheza. Simu haiulizi icheze nini. Inashika ya kwanza kwenye orodha, ikiisha inashika ya pili."

"Niifute hiyo ya kwanza?"

"Itasogea ya pili. Unazo ngapi?"

Nilikuwa nazo thelathini na moja, na hata moja haikuwa ya kusikilizwa na binadamu. Wifi angesikia namsema mtu yeyote, angegeuka na kuniuliza, "Na mimi ulisema nini?" Ningejibu nini? Na kuzima bluetooth nilijijua: asubuhi ya sherehe simu ingelia, ningeiwasha na kusahau.

"Basi weka kimya," fundi akasema. "Rekodi kimya, kipe jina la A tatu, kikae juu ya wote. Gari likiwaka kitacheza chenyewe, na hakuna atakayejua. Ila kiwe kirefu kuliko safari yako. Kikiisha tu, wa pili yupo mlangoni."

Nilitamani kumbusu. Kutoka kwa wifi mpaka shuleni ni dakika kumi na mbili. Nikaamua kimya changu kiwe cha dakika kumi na tano.

Kurekodi kimya nyumbani kwangu si kazi ndogo. Mchana ule nilizima cherehani, nikazima feni, nikaificha simu katikati ya mabunda ya kitambaa, nikaitegea ijizime baada ya dakika kumi na tano, nikabonyeza, nikatoka nimeshika pumzi. Nikamwambia mume wangu aliyekuwa sebuleni, "Chumba cha kushonea kiachwe robo saa. Asiingie mtu."

"Kuna nini mle?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana."

Alinizoea, hakuuliza zaidi. Lakini nikasikia jirani yetu, anayechomelea mageti, anapanga vyuma vyake aanze kugonga. Nikatoka mbio kwenda kumbembeleza. Mtu yule habembelezeki haraka, ana habari zake za kukusimulia kwanza, kuhusu geti la mtu fulani lililokuwa fupi. Nilirudi baada ya dakika ishirini. Nikamkuta wifi yangu amekwisha kufika kujaribu gauni, amekaa sebuleni na mume wangu, wote wanakunywa chai wamenyooka migongo kama watoto waliovunja sahani. Sikushuku kitu. Nilikuwa na wasiwasi wangu mwenyewe.

Niliitoa simu, nikasikiliza dakika moja ya mwanzo. Safi. Ilisikika saa ya ukutani tu. Nikaiita AAA Kimya, nikaihifadhi. Nani ana muda wa kusikiliza kimya dakika kumi na tano?

Gauni lilimkaa wifi. La rangi ya samawati iliyoiva, mikono mirefu, limeshuka bila kukunjana popote. Alijitazama kiooni mbele, akajitazama ubavuni.

"Hii ni thelathini na nane?"

"Thelathini na nane, wifi."

Alinitazama kupitia kioo, akanitazama sana, akanisubiri. Sikujua anasubiri nini. "Sawa," akasema mwishowe, na akaenda kubadilisha nguo. Gauni akaondoka nalo, na kwa wasiwasi wangu wa kimya nikasahau kuifuta rekodi yake.

Jumamosi asubuhi nilimfuata kwake. Alitoka amependeza hadi nikasahau kuogopa. Akaketi mbele, akaweka mkoba wake na wangu, wenye simu ndani, kiti cha nyuma ili gauni lisikunjwe. Nikazungusha ufunguo. Redio ikakwaruza. Kikafuata kimya kizuri.

Tulikwenda hivyo, mimi moyoni nikijipongeza. Wifi akainama kusoma kioo kidogo cha redio.

"AAA Kimya," akasoma. "Huu ni wimbo?"

"Wa kutuliza mawazo."

"Sisikii kitu."

"Ndivyo ulivyo."

"Kaimba nani?"

"Niliimba mwenyewe," nikasema, na nikaona pembe ya mdomo wake ikitikisika. Nikafurahi. Nikajiambia, haya, tunafika.

Tulikuwa tunazunguka mzunguko wa barabara, magari mbele na nyuma, pale redio ilipotoa mlio wa bawaba. Naujua mlio ule. Ni mlango wa chumba changu cha kushonea, ambao mume wangu ameahidi kuupaka mafuta tangu mwaka juzi.

"Dada, kasema kiachwe hiki chumba." Ilikuwa sauti ya mume wangu.

"Yuko kwa jirani. Funga mlango. Una tepu?" Hiyo ilikuwa ya aliyekaa kando yangu.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo wangu niliutengeneza mwenyewe, nikaupa na jina.

"Ninayo ya mbao," redio ikasema.

"Tepu ni tepu. Nipime kiuno."

Ikasikika ile tepu ya chuma ya mume wangu ikivutwa, krrr, kisha ikijirudisha, tak. Wifi garini alinyoosha mkono kuzima. Penye kitufe palikuwa na tundu. Akaingiza kidole ndani ya tundu, akazungusha, na sauti ikapanda maradufu.

"Mia moja na kumi na tatu!"

"Umenipima mimi au mlango?"

"Hizo ni sentimita, dada. Kwa inchi ni arobaini na nne na nusu."

Nilikaza macho barabarani. Kisha sauti ya wifi ikatoka mle redioni, si ile ya mstarini shuleni, bali ndogo, ya mtu aliyekaa chini.

"Mkeo nilimwambia thelathini na nane. Akasema sawa, wifi. Sawa, wifi! Yule mwanamke! Nilitaja namba ya kijinga makusudi, nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

"Nisemwe! Mdogo wangu, shuleni kila mtu ananiambia nimependeza. Nilishavaa sketi nyuma mbele kutwa nzima, walimu kumi na wanane, hakuna aliyefungua mdomo. Maisha yangu yote mtu aliyekuwa ananiambia kweli ni mmoja, nikamnunia miaka sita. Nimejirudi, nimemfuata mpaka kwake, na sasa ananivika kilemba cha ukoka kama wengine. Nimemharibu. Yule niliyemfuata hayupo tena."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini, na mimi mkubwa wake? Na wewe ukimwambia nitakukana."

Bawaba ikalia. Mlango ukafungwa. Redio ikarudi kwenye saa ya ukutani.

Sikuthubutu kugeuka. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kusimamisha gari katikati ya barabara nimkumbatie na gauni lake. Lakini yeye alikuwa amegeuka jiwe.

"Umenirekodi," akasema.

"Sikukurekodi, wifi."

"Simu ilikuwa inafanya nini mle ndani?"

"Ilikuwa inarekodi kimya."

"Kimya cha nini?"

Jibu la swali hilo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa la pili kwenye orodha. Ili nimweleze kimya ni cha nini, ilibidi nimweleze kilikuwa kinaficha nini. Nikasema, "Cha kawaida tu," na nikajisikia jinsi ninavyodanganya vibaya.

"Nilikuja kwako kwa miguu yangu," akasema polepole. "Nikavua viatu mlangoni kwako. Na wewe ukaniwekea mtego, ili ukacheke na nani? Baada ya leo nitajua pa kukaa."

Nilijua maana ya maneno hayo. Aliposogea mara ya kwanza ilinigharimu miaka sita, na sisi wote wawili hatuna tena miaka ya kutapanya. Nilimwona kichwani mume wangu akipiga randa ubao laini mpaka uishe.

Tukafika. Ndani ya uwanja wa shule walimu walikuwa wanapanga viti, na juu ya ngazi mume wangu alikuwa anapigilia kitambaa jukwaani, misumari mdomoni. Alitupungia nyundo. Sisi hatukumpungia. Nilisimamisha gari chini ya ukuta, injini ikiwa inaunguruma, nikashindwa kuizima, maana kuzima ni kushuka, na kushuka ni kuachana. Yeye alishika kitasa cha mlango, hakukivuta. Tukakaa hivyo, tukiisikiliza saa ya ukutani ya nyumbani kwangu. Sijui ni dakika mbili au tatu.

Kisha saa ikakatika.

"Amiri Jeshi," redio ikasema, kwa sauti yote ile aliyoipandisha kwa kidole chake. "Gauni la kuagwa."

Nikaurukia ufunguo.

"Usiguse!" Sasa hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mstarini. "Mimi nimeshasikika. Hii ni zamu yako."

Nikaondoa mikono, nikaiweka mapajani kama mwanafunzi.

"Mabega kumi na saba, yamesimama utadhani bado anakagua kucha. Kifua arobaini na sita. Kiuno, mwenyewe kasema thelathini na nane. Thelathini na nane! Kiuno cha thelathini na nane kilishukia darasa la saba, yeye akaendelea na safari. Ni arobaini na nne na nusu, na hapo kashika pumzi, nikaogopa ataniangukia nikose pa kukimbilia. Kitambaa alicholeta hakitoshi. Anadhani kinatosha kwa sababu alikipima kwa macho, na macho yake yanamwogopa. Nitaongeza kipande cha ubavuni cha rangi hiyohiyo, asijue."

Nilifumba macho. Nilijua kinachofuata na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Redio ikatoa mlio wa mkasi ukiwekwa mezani.

"Halafu kiuno ongeza inchi mbili za kupumulia. Siku hiyo atalia. Anajifanya halii, lakini huyu akilia analia kwa tumbo, nilimwona kwenye msiba wa mama. Sikumwendea. Gauni lisimbane akilia. Na mabegani shona mara mbili, maana watamkumbatia wengi." Kikapita kitambo. "Karudi. Mungu wangu, baada ya miaka sita karudi. Haya, basi."

Nilifumbua jicho moja. Wifi alikuwa anatazama mbele, mabega yale kumi na saba yakitetemeka. Nikajua nimemliza siku yake kabla hata sherehe haijaanza. Kisha mlio ukamtoka, na haukuwa kilio. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa tumbo, akapiga dashibodi, akanipiga mimi bega, akasema "akaendelea na safari!" na akaanza upya, machozi yakimtiririka. Na mimi, Mungu anisamehe, macho yangu yalikwenda kwenye mshono wa ubavuni. Ulitulia tuli. Inchi mbili zilikuwa zinafanya kazi yake.

"Mbona hukuniambia hivi usoni?" akauliza alipopata pumzi.

"Niliogopa utasogea tena."

Alinishika mkono, akaubana juu ya gia. Simu nayo haikujali. Redio ikaendelea: "Bingwa wa Hesabu. Shati la mikono mirefu. Shingo kasema kumi na tano. Hesabu anafundisha kweli huyu?"

Wifi akainua kichwa.

"Huyo si msaidizi wangu?"

"Ndiye."

Akatazama nje, ambako mwalimu msaidizi alikuwa anapanga viti kwa shati nililomshonea na ambalo kola yake nilikuwa bado ninatakiwa kuipanua. Kisha mwalimu mkuu, zikiwa zimebaki dakika ishirini aagwe na shule nzima, akaingiza kidole chake ndani ya tundu la redio na kuzungusha kuelekea kule alikokwisha kujua.

Alilia, kama nilivyosema. Aliposimama jukwaani alisoma sentensi mbili za hotuba yake, ya tatu ikamshinda, akalia kwa tumbo mbele ya watoto mia sita ambao hawakuwahi kumwona hata akipiga mwayo. Gauni halikumbana. Watu walimkumbatia mpaka jua likahama upande wa pili wa uwanja, na mishono ya mabegani haikuachia.

Baadaye mpiga picha akatupanga sisi wa ukoo mbele ya jukwaa, mume wangu akiwa bado na nyundo mkononi. Mpiga picha akachungulia, akainua kichwa.

"Kuna watu huko nyuma hawaonekani," akasema.

Wote walikumbuka. Mume wangu akanitazama akiniomba kwa macho ninyamaze. Wifi naye akanigeukia, akanitazama kama alivyonitazama kiooni, akanisubiri. Safari hii nilijua anasubiri nini.

"Wifi," nikasema, "sogea kidogo. Umeziba watu watatu."

Akasogea. Akaja upande wangu, akaendelea kuja, akanibana ubavu kwa ubavu mpaka nikakosa pa kuweka mkono isipokuwa kiunoni kwake.

"Wanne," akasema. "Siku hizi hupimi vizuri."